Safu ya Saba

Daftari ni la buluu, linanuka dizeli na vitunguu
kwa sababu hukaa jikoni, kando ya redio,
kwenye msumari uliobeba zamani kalenda ya Bikira Maria.
Maite Oyarzo alituletea gatini Quellón, mvua ikipiga ubavuni,
akatuonyesha safu zake kwa kidole chenye plasta:
tarehe, saa, latitudo, longitudo,
mnyama gani, wangapi,
na ya saba, nyembamba kuliko zote: uhakika.

"Andikeni hata msipoona kitu," alisema.
Nahodha Barría alicheka hadi kofia ikamwanguka.
Nani aliwahi kushukuriwa kwa kuandika utupu?
Yeye hakucheka. Saa mbili za kutazama maji matupu
nazo ni habari, alisema.
Nyangumi asiyekuwapo hapa, yupo mahali.

Basi tukaanza.
Sisi hubeba chakula cha samaki wa vizimbani, tani arobaini,
Quellón hadi Melinka, Melinka hadi Puerto Aguirre.
Mwenye macho ni Nelda mpishi.
Huacha viazi vikichemka, akatoka na mwiko,
akaunyoosha: "Pale! Kama mtu apulizaye chai."
Nami naandika: Saa nne na robo. Nyangumi wa buluu.
Wawili, mmoja mdogo. Uhakika: kabisa.

Pomboo wale wafupi, pezi la mviringo kama sikio la panya,
hutusindikiza hadi mdomo wa ghuba.
Tisa. Au kumi na mmoja. Hawatulii wahesabiwe,
kama watoto wa dada yangu siku ya picha.
Uhakika: wastani.

Siku za ukungu: hakuna. Hakuna. Hakuna.
Nilijifunza kuliandika neno hilo kwa mwandiko mzuri.

Sasa niseme la Machi.

Saa tisa na dakika kumi usiku, zamu yangu.
Meli ilishtuka, wala si kwa kishindo:
kama mtu usingizini anayeota ameteleza ngazini.
Vikombe vilisema neno moja, vikanyamaza.
Barría alitoka na soksi. "Gogo," alisema.
"Gogo," nikasema.
Mito ya kule hushusha magogo, hilo si uongo.
Hatukugeuka. Taa ya nyuma haikuonyesha kitu
ila povu letu wenyewe.
Asubuhi Nelda alifungua daftari, akanitazama, akalifunga,
akanimenyea yai bila kuombwa.

Nenda tezi, nenda omo, marejeo ni ngamani.
Ngama ya meli hii ni daftari:
lolote livujalo, mwishowe hujikusanya humo.
Wiki sita ule mstari mtupu ulinikodolea.
Hata "hakuna" haikuwapo.
Katika kurasa zote, hapo tu ndipo tulipodanganya,
na hatukuwa tumeandika neno.

Mei, tumetia nanga Melinka, upepo ukitikisa mabati ya ghala,
nilichukua kalamu ya Nelda, ile ya kijani ya orodha ya soko.
Tarehe kumi na saba Machi. Saa tisa na dakika kumi usiku.
Latitudo niliikumbuka hadi nukta yake.
Mnyama: sikumwona. Idadi: mmoja. Hatukusimama.
Nikafika safu ya saba,
nikakaa nayo hadi kahawa ikapoa.
Nikaandika: Najua.

Maite alilisoma akiwa amesimama, begi bado begani.
Nilikuwa nimeyaandalia kifua maneno yake.
Akauliza moja tu: "Mlikwenda kasi gani?"
"Mafundo kumi na mawili."
Akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo,
akanirudishia daftari limefunguka penye ukurasa mpya.

Barría hajasema lolote mpaka leo.
Ila tukikaribia pale, usiku,
nasikia injini ikishusha sauti,
mafundo manane, saba na nusu,
na yeye yuko dirishani, kofia mkononi,
ananiuliza kama mtu anayeuliza saa:
"Umeandika?"

Naandika. Hakuna.
Uhakika: giza.