Wimbo wa Nne

Fedha za bendi zilitosha saa kumi na nane,
pale Walukuba, Jinja, nyuma ya kinu cha mahindi.
Okiror alipiga ngoma akiwa na homa.
Gitaa tulilirekodi chooni, likapata mwangwi
na, ukisikiliza vizuri, bomba linalovuja.

Alfajiri umeme ukakatika, ukarudi.
Namuwaya alikuwa amesahau ubeti wa tatu,
akaimba namba za simu za wanaotudai.

Kisha kinu kikaanza kunguruma.
Mugoya, kidole kwenye swichi, akatutazama.
Hakuna aliyesema zima.

Mwaka umepita. Tumeuza nakala arobaini.
Watu huniuliza: kile chombo cha mwisho, kinachosaga,
mlikitoa wapi?
Nawaambia jirani alikuwa na magunia manne,
naye pia alikuwa na haraka.