Mfanyakazi Mpya

Nimekipima kwa mizani ya mbolea,
kipakatalishi changu:
gramu mia tisa na hamsini, pungufu ya pakiti ya unga.
Huingia mfuko wa aproni, kona moja ikichungulia nje
kama mtoto wa jirani kwenye ua.

Asubuhi, Njoro ingali na ukungu,
huketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa,
kati ya miparachichi na mitomoko,
nakifungua. Hakilalamiki.
Babu yake wa mezani, niliyemwacha ofisini
nilipostaafu ukarani wa ushirika wa maziwa,
alivuma kama kinu cha posho
ndipo akuonyeshe saa, tena ya jana.
Hiki hunyamaza. Hupata joto polepole mapajani,
na siku za baridi, nakiri,
hukifungua bila kazi yoyote.
Herufi n tu ndiyo ina chembe ya udongo chini yake.
Usipoibonyeza kwa nguvu
ukiandika nanasi, hukuandikia aasi.

Kizuri chajiuza.
Nililiamini hilo miaka kumi na mmoja,
na miche yangu mizuri ikajiuza kimya kimya
kwa jua, kwa mbuzi wa watu, kwa kuoza.

Ndipo nikamwajiri Jerotich,
mwaka wa tatu pale Egatoni, kucha za zambarau.
Elfu tatu na mia tano kwa mwezi
na mche wowote uliopinda, achague.
Kazi: kurasa zangu tatu za mitandao,
picha, bei, na wale wa kuuliza "bado ipo?"
usiku wa manane.
Akipiga picha hupiga magoti. Hunyunyizia maji
jani ambalo mvua imetoka kulinyunyizia.
Nikamwambia huo ni uongo.
"Mama Nyaboke," akasema, "huo ni mwanga."

Akanipa na sauti, sikuiomba.
Mimi wa "Kuhusu:" na mstari chini yake
nikajikuta huko nasema Wapendwa wangu wa kijani!
jua moja na maua matatu kila nikivuta pumzi.
Watu wakampenda huyo mama.
Wakaja kutoka Molo, kutoka Rongai,
mmoja akaja na pikapu toka Kericho,
akanitazama kuanzia gambuti hadi kitambaa,
akauliza mwenyewe yuko wapi.

Juzi stima ikapotea Njoro nzima.
Jerotich alikuwa na mtihani. Mvua ilipiga mabati,
na kipakatalishi, kidogo vile,
kilikuwa na saa mbili za mwanga tumboni.
Nikajifunika nacho blanketi,
nikakiazimia mtandao wa simu.
Mtu wa Elburgon: mparachichi wake umegeuka manjano.
Nikamjibu mwenyewe, kwa raha, vidole viwili,
aya nne: mfereji, mizizi,
jinsi samadi mbichi inavyochoma,
na asithubutu kuhamisha mche udongo ukiwa tope.
Nikatia jina kamili.
Nikasikia fahari ya zamani,
ile ya muhuri ukishukia karatasi.

Jibu likaja upesi:
"We ni nani? Mama Nyaboke haongei hivi.
Hata n huna. Umeiba akaunti ya mama wa watu.
Nakuripoti."

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, kwa hasira,
nikafuta kwa kicheko.
Nikatafuta lile jua, nikatafuta maua,
nikapata pilipili, nikapata ngamia,
chaji ikashuka hadi nne kwa mia.
Basi nikaandika, n nikiibonyeza kwa dole gumba:
"Samahani, mpendwa wa kijani.
Mimi ni mfanyakazi mpya.
Bado ninafundishwa."

Kimya kidogo. Mvua tu.
Kisha: "Usijali, utazoea.
Anakulipa vizuri lakini, huyo mama?"

Kikazima.