Kanga Sita

Waya wako unaanzia kwenye mchikichi wa uani,
unapita juu ya bati, juu ya jiko,
unaingia chumbani kwa tundu ulilotoboa kwa msumari wa moto
mwaka ule uliostaafu relini.
Mimi nilidhani ni wa kuanikia.
Siku ya kwanza niliutupia shuka. Ulinifokea
kana kwamba nimemvika mfalme gunia.

Misigaro, mchana huna neno.
Chumvi unaiomba kwa kidole.
Lakini Gungu ikishalala, mashine ya kusaga ikinyamaza,
unakuwa msemaji: ti-ti-ta, ta-ti-ta,
kwa mtu wa Urusi, kwa mtu wa Brazili,
watu usiojua hata wanakula nini.
Taa ya sebuleni hufifia kila ukibonyeza.
Nami kitandani nahesabu.

Bi Sijaona alikuja na yai viza mkononi:
"Redio ya mumeo inanipikia mayai tumboni mwa kuku."
Nilimpa kigoda, nikampa maji.
Jogoo wake ni mmoja, naye amechoka kuliko mimi.
Wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema
haya si mawimbi ya eksirei, hayavunji kitu mwilini,
yanapasha joto tu, tena ukiyakaribia,
kama figa.
Nikasema: figa nalijua. Ndiyo maana silikalii.

Ijumaa ile ya mvua
ulinyoosha mkono kurekebisha waya,
mkono wa pili bado unabonyeza.
Hukupiga kelele. Uliita jina langu taratibu,
kama mtu anayeuliza saa.
Kidoleni: alama nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Hakuna damu, hakuna lengelenge.
Nikaipaka mawese, mawese yakabaki juu kama mgeni mlangoni,
maana moto ulishaingia ndani na kufunga.
Wiki tatu ulibonyeza kwa kidole cha kati,
na yule wa Urusi, ulivyoniambia, akauliza
mbona umepata kigugumizi.

Sikusema "nilikuambia."
Sikuwa nimekuambia.
Bi Sijaona aliogopa kisichokuwepo,
wewe hukuogopa kilichokuwepo,
na mimi katikati nilikuwa naanika nguo.

Usiku huo nikamkumbuka Butoyi.
Mjukuu analala amegusa ukuta, na nyuma ya ukuta,
shubiri moja na nusu, waya.
Na macho yake! Ulisema mwenyewe,
mboni haina damu ya kuipoza.
Nikafungua sanduku, nikatoa kanga zangu
hata ile ya arusi ya dada yako ambayo siivai,
nikatandaza chini kutoka waya hadi mtoni mwa kitanda.
Haikutimia hata moja.

Ukafungua daftari. Wati, urefu wa wimbi,
dakika ngapi unabonyeza, ngapi unasikiliza.
Ukaandika, ukafuta, ukalamba penseli.
"Kanga mbili zinatosha."
Nikasema sita.
Ukasema hesabu haibembelezwi.
Nikasema sita, Misigaro:
mbili za daftari lako, nne za usingizi wangu.

Asubuhi ulipanda mchikichi kwa viatu vya relini,
mtu wa miaka sitini na nne, majirani wakitazama.
Waya ukaenda juu. Kitanda kikahamia penye cherehani.
Shina ukalizungushia seng'enge, ukaandika USIGUSE
kwa rangi iliyobaki ya mlango,
G yenyewe haina mkia.

Sasa, kabla hujauita ulimwengu,
unatoa kichwa dirishani, unauita ua:
"Nani yuko nje?"
Butoyi hujibu kutoka kitandani, "Mimi siko!"
Na mimi, mara nyingine, niko huku gizani na ndoo yangu,
nakunyamazia makusudi.
Mashine inanguruma, Urusi inasubiri,
mpaka uchukue tochi
utoke, unitafute.