Kapu Lisiloonekana

Kabatini, chini ya turubai,
maana paa la ofisi ya ushirika linavuja
na Tukuyu mvua haiombi ruhusa,
inanguruma seva yetu moja.

Wote tunaingilia mlango huo:
Tumpe wa uhasibu, na mashine ya madirisha manne;
Lusajo wa masoko, na ile ya tunda lililomegwa,
inayodondosha makombo ya nukta kila folda inayopita;
mimi, na yangu ya ndege asiyeruka.
Kila moja na adabu yake ya kutupa.

Mezani kwake, Tumpe akifuta faili
linaangukia kapuni; akijuta, analiokota.
Akadhani na huku ni vivyo hivyo.
Akafuta daftari la wakulima wa Katumba,
kilo za majani mabichi, miezi tisa,
akakimbilia kapu: jeupe.
Akanipigia bila salamu.

Ya mtandaoni hayapiti kapuni kwako, Tumpe.
Mashine iliuliza, "Futa kabisa?"
ukabonyeza Ndiyo kama mtu anayeitikia hodi.

Ila mimi nimelelewa na mama
asiyemwaga hata maji ya mchele
kabla ya kuiuliza migomba.
Niliiandikia seva mistari minne:
kinachofutwa kisife, kisogee,
kwenye folda yenye nukta mbele ya jina.
Nukta moja tu, na jina halionekani.
Kikae humo siku thelathini.

Daftari nikalikuta, zima, hata senti za Katumba zimo.
Pembeni yake, kwa jina la meneja wetu Anyosisye:
Barua. Barua_2. Barua_mpya.
Barua_mwisho. Barua_mwisho_kabisa.

Sikuzisoma.
Nilisoma tarehe tu.

Ya kwanza inaanza, "Naomba kujiuzulu."
Ya tano inaomba ruhusa ya siku mbili.
Siku mbili hizo nazikumbuka:
alirudi na gunia la parachichi,
akatugawia mojamoja, akiminya
kutafuta lililoiva, ampe mfagizi.

Tumpe aliniita mchawi, akaninunulia maandazi.
Anyosisye alipita, akauliza kama diski imejaa.
Nikasema bado kuna nafasi.

Leo ni siku ya ishirini na tisa.
Kesho saa nane usiku seva itafagia yenyewe,
haijui kilichomo.
Nimefungua ile mistari minne,
kidole kiko juu ya thelathini,
na turubai linadondoka, tone,
tone.