Kaunta ya Ngamiani

Nimeinamia simu ya Semboja,
kibano mdomoni, lehemu inafuka,
na nyuma ya mgongo wangu
nchi inaendeshwa na watu watatu na kiti kimoja kibovu.

Mbaruku anasema mashine mpya za bandarini
zitamaliza wapagazi wote kabla ya Mfungo Tatu.
"Mashine haiumwi kiuno," anasema,
kana kwamba yeye aliwahi kubeba kitu.

"Kodi!" anafoka Semboja. "Kodi ndiyo inayoua!"
Anaipiga kaunta. Skrubu tatu zinaruka,
moja mpaka sasa sijaiona.
Shekiondo, aliyegombea udiwani akapata kura kumi na tisa,
anawaambia wote wawili hawajui kitu.

Mwenye sauti ana haki,
mwenye kifua ana ushahidi.
Baiskeli zinapita na kengele zao;
wao wanapandisha.

Mara moja tu wananikumbuka:
"Mwanamkasi, wewe unaonaje?"
Nafungua mdomo, kibano kinaanguka,
Mbaruku keshanijibia.

Saa kumi na moja simu inawaka.
Kabla ya picha ya mwanawe, kabla ya saa,
ujumbe unaingia, herufi kubwa kama za bango:
mkopo wako umechelewa siku arobaini.

Kimya.
Feni tu.
Semboja anaitia simu mfukoni
kama aliyeokota cha mtu.
"Elfu nane," namwambia.
"Nitakurushia kesho, dada," kwa sauti
ambayo mchana kutwa sikuisikia.

Wameondoka.
Niko sakafuni kwa magoti,
natafuta skrubu.