Kigae Namba 4417

Asubuhi ya Zabrze haichomozi, hujiburura.
Theluji imeanguka usiku ikiwa nyeupe;
sasa hivi ina rangi ya majivu
na mimi, Edeltrauda, binti wa Rufin mchimba makaa,
nawasha taa ya hadubini kabla sijavua skafu.

Miaka thelathini na moja nakata nyama za watu.
Usinitazame hivyo.
Nakata vyembamba, microni tatu,
hata pumzi ya pua yangu huvikunja.

Pafu hunifikia likiwa limezama kwenye nta,
kipande kidogo kama sabuni ya wageni,
na doa katikati, kokwa ya tunda.
Nazungusha gurudumu. Wembe unaparuza.
Utepe unatoka, unaelea juu ya maji ya vuguvugu,
unajinyoosha wenyewe,
nauvua kwa kioo.
Kisha rangi: zambarau kwa viini,
waridi kwa vyote vilivyobaki.

Pafu zima ni lesi.
Kuta nyembamba, na katikati ya kuta hakuna kitu.
Hicho hakuna-kitu
ndicho tunachoishi nacho.

Lakini lesi ya huku kwetu haikosi madoa.
Mwalimu wa shule, mtawa, kinyozi,
wote wana masizi yao, meusi, kando ya mishipa,
ndani ya seli zilizomeza
zikakosa pa kutema.
Daktari Gawlik haandiki tena habari zake.
Ni kama kuandika kwamba mgonjwa ana pua.

4417 anaitaka kabla ya saa nne.
Naiweka chini ya lenzi. Lesi, lesi, lesi,
halafu seli zimejipanga ukutani
kama sisi tulivyopanga foleni ya nyama enzi za kadi:
bega kwa bega, mwanzoni kwa adabu,
kisha zinasukumana,
viini vimevimba, kila kimoja kinatazama kwake.
Ukuta bado umesimama.
Nasogeza kioo kwa ukucha.
Pembeni, hapa,
ukuta haupo.

Fomu inasema: mwanamke. Miaka hamsini na minane.
Hajawahi kuvuta sigara. Kazi: ya nyumbani.

Ya nyumbani!
Naijua kazi ya nyumbani ya mitaa hii:
kumpokea mume mlangoni, kupokea koti lake,
kulikung'uta dirishani huku umebana midomo,
kuloweka, kufikicha, kukamua maji meusi,
kesho tena.
Mama alikohoa miaka sita. Tukaiita pumu.
Alipokufa nilikuwa na miezi minne kazini,
sikujua bado kutofautisha seli na kiputo cha hewa.
Walimpasua, wakaandika:
"Mapafu ya kawaida kwa mkazi wa Zabrze."

Ghala la vigae liko chini, karibu na mitambo ya kupasha joto.
Ufunguo umekaa kwenye mfuko wa koti langu
miaka yote hii, umetoboa bitana mara mbili.
Leo nimeshuka.
Droo imegoma, nimeipiga teke.
Hildegarda, kwa kalamu ya risasi. Rangi imechujuka,
zambarau imekuwa kijivu, waridi imekuwa chai.

Nimemweka chini ya lenzi.
Nimetafuta foleni, ukuta kwa ukuta. Sikuikuta.
Labda haikuwepo. Labda walikata mahali pengine.
Nilichokikuta ni masizi,
mengi, kama ya mtu aliyeshuka shimoni,
na mama hakuwahi kushuka
hata ngazi moja.

Ni masizi ya baba.
Amekaa humo, ndani ya mkewe,
punje kwa punje.

"Edeltrauda! Ukingo je?"
Gawlik, kutoka juu, na kikombe chake.
Nimepanda. Nimerudi kwenye 4417,
nimefuata wino kuuzunguka mkato wote,
taratibu, kama anayetafuta pete chini ya kitanda.
"Ukingo safi," nimesema. "Milimita tisa."
"Tisa? Una hakika?"

Nimetazama tena.
Kioo cha jicho kimefunikwa na ukungu.
Pumzi yangu.
Nimekifuta kwa pindo la skafu, nikahesabu upya.