Kidole Gumba cha Kuazima

Chumba cha pampu, Kisumu, upande wa Dunga:
sakafu haikauki, redio haishiki stesheni.
Fundi Onditi anapangusa usukani wa vali kwa tambara,
anauliza bila kunitazama:
"Ajiambo, mkono huu ukisukuma na huu ukivuta,
newtoni mia na hamsini kwa mia na hamsini,
jumla yake?"

Sifuri.

"Na sifuri inafunguaje maji?"

Daftari langu lilijaa mishale,
i na j na k zimevaa kofia,
mabano marefu kama ua wa mabua.
Jibu halikuwamo.

Akaichukua mikono yangu akaiweka usukanini,
wa kulia mashariki, wa kushoto magharibi,
baina yake sentimita arubaini.
"Zinapingana lakini hazikutani.
Zingekutana zingenyamazishana.
Mwanya ndio unaozungusha, si ubishi."
Nikazidisha: momenti ya sitini.
"Inaelekea wapi?"

Hapo alihitaji mkono wangu.
Wake wa kulia una vidole vinne;
gumba lilikwenda na mkanda wa pampu ya zamani,
mimi sijazaliwa.
"Kunja vidole vifuate mzunguko.
Haya, kidole gumba kinaonyesha nini?"
Dari.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," akacheka,
"na vinne bila gumba havijui juu ni wapi."

Bomba lile lina viwiko viwili na vali tatu.
Ya kwanza imelala: gumba juu, sitini.
Ya pili imesimama, inatazama Ahero: thelathini.
Ya tatu, ndogo, ngumu kwa kutu,
inatazama vilima vya Riat: ishirini.
Nikaandika mia na kumi.
Akaifuta kwa kiganja chenye grisi,
doa lipo mpaka leo.
"Hizi si shilingi."

Kila moja mraba wake, basi.
Elfu tatu na mia sita, mia tisa, mia nne.
Kipeuo cha jumla: sabini kamili.
Mshale mmoja, unapanda,
umeinama kidogo Ahero, kidogo zaidi ya kidogo Riat,
kama mtu anayeinuka kitini
huku anaitwa na watu wawili.

Nipimie kutoka wapi, fundi? Kiwikoni? Msingini?
"Popote."
Sikuamini.
Nikapima kutoka bolti ya flanji: sabini.
Kutoka birika lake la chai: sabini.
Kwa ukaidi nikapima kutoka Nakuru,
kitandani pangu bwenini, kilomita mia na ushee;
tarakimu ndefu zikalana zenyewe kwa zenyewe,
ikabaki sabini.

Usiku ule sikulala vizuri.
Baba na mdogo wake walivuta mpaka wa shamba, Samia,
kila mmoja kwa nguvu zake zote, sambamba,
na chifu akaandika: wametoshana.
Sifuri.
Mama alikuwa katikati.
Hakusogea hata hatua.
Alizunguka, tu,
miaka tisa,
nami nilidhani Nakuru ni mbali kiasi cha kutosha.

Asubuhi nikamuuliza fundi kinachozuia jozi.
Nguvu moja haiwezi, akasema, hata ya tembo;
ukiisukuma utaihamisha na kuzunguka kwake.
Jozi huzuiwa na jozi,
sawa yake, kinyume chake.

Halafu akaona flanji inavuja
na mazungumzo yakaishia hapo.
Alishika bolti kwa vidole vyake vinne,
mimi spana.
"Upande gani?" nikauliza.
"Kunja mkono," akasema,
"uniambie wewe."